Mashua ya tanga ya kwenye trela: haina matengo, haina farumi, inasimamaje?

Mtu aliyekulia Msangamkuu ya Mtwara au Kitunda ya Lindi akiona mashua ndogo ya plaiwudi juu ya trela, mlingoti umelazwa ndani kama mzigo wa kuni, huuliza maswali yaleyale. Matengo, yale magogo ya pembeni kama ya ngalawa, yako wapi? Farumi, ule uzito wa kutuliza chombo, inakaa wapi? Na chini kulivyo bapa hivyo, itashikaje maji upepo ukija wa ubavuni? Ni maswali ya mtu anayeijua bahari. Tatizo ni majibu anayopewa, ambayo huwa mawili: ama "hiyo ni ya kitaalamu, haipinduki", ama "hicho ni kisanduku, kitaua watu". Yote mawili si kweli. Mashua hii inapinduka, na aliyeichora alijua kwamba siku moja itapinduka. Kinachoisimamisha kipo, ila hukioni ikiwa barabarani kwa sababu sehemu yake kubwa ni watu watakaokaa ndani.

Ni chombo gani hasa

Tunazungumzia mashua ya wazi yenye urefu wa mita 4 hadi 5 na upana wa mita 1.5 hivi. Ikiwa tupu ina kilo 80 hadi 100, kwa hiyo watu wanne wanaibeba mpaka majini. Ina mlingoti mmoja unaochomekwa na kuchomolewa kwa mkono, tanga moja la mita za mraba 8, usukani unaonyanyuka, na ubao wa kati, yaani ubao wa wima unaoshushwa majini kupitia kisanduku kilichojengwa katikati ya mashua. Ubao huo unafanya kazi ambayo kwenye jahazi hufanywa na mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, na kina cha chombo chenyewe: kuzuia kusukumwa ubavu. Ukikaribia ufukwe unaupandisha, na mashua inapita kwenye maji ya magotini.

Kwa nini trela? Chukua Julai, kusi limekaza. Kutoka Mtwara kwenda Lindi kwa tanga ni raha, upepo uko nyuma. Kurudi ni bisho, yaani kwenda kinyume cha upepo, mwanzo mwisho, na juu yake kuna mkondo wa bahari wa pwani yetu unaoelekea kaskazini kukurudisha ulikotoka. Kwa barabara ni kilomita mia na ushee tu. Zaidi ya hapo, mashua isiyolala majini haishambuliwi na wadudu wanaotoboa mbao, wala haihitaji kupandishwa na kuchomwa tumbo kwa makuti kisha kupakwa shahamu kila baada ya muda.

Lakini trela lina bei yake. Kila kilo unayoiondoa ili mashua iwe nyepesi barabarani ni kilo iliyokuwa ikiituliza baharini. Karibu kila jambo la ajabu kwenye chombo hiki, kuanzia tanga lake la pembe nne mpaka madumu matupu yaliyofungwa chini ya viti, limetokana na upungufu huo wa uzito.

Hesabu ya kusimama

Ngalawa inasimama kwa sababu tengo liko mbali na mtumbwi. Upepo ukiinamisha chombo, tengo la upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea, linasukumwa juu na maji. Jahazi linasimama kwa shehena au farumi iliyo chini. Mashua ya trela ina vitu viwili tu: upana wake na uzito wa watu waliokaa upande wa joshi, yaani upande upepo unakotokea. Ni kama mizani ya kusimamisha. Upepo uko upande mmoja, makalio ya mabaharia upande wa pili.

Tuiweke kwa tarakimu za makadirio. Upepo wa kilomita 20 kwa saa, ule unaotikisa minazi bila kuipinda, unasukuma tanga la mita za mraba 8 kwa nguvu ya kilo 20 hivi. Kitovu cha tanga kiko kama mita 2 juu ya maji, na kitovu cha ubao wa kati nusu mita chini yake. Mkono wa wenzo ni mita 2.5. Kilo 20 mara mita 2.5 ni 50. Sasa mtu wa kilo 70 aliyekaa ukingoni, sentimita 60 kutoka katikati, anatoa 42. Wawili wanatoa 84. Kwa hiyo watu wawili wanauweza upepo huo bila jasho, na wataumudu mpaka karibu kilomita 25 kwa saa.

Hapo ndipo wengi wanapoponzwa. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Kilomita 40 kwa saa, ile kasi ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa huitaja mara kwa mara inapotoa tahadhari kwa watumiaji wa bahari, inasukuma tanga lilelile kwa kilo 80. Mara 2.5 ni 200. Ungehitaji watu watano ukingoni, na mashua haina nafasi yao. Dawa ni kupunguza tanga. Likibaki mita za mraba 4, na kitovu chake kikashuka kwa nusu mita, hesabu inarudi 80, na wale watu wawili wanatosha tena. Si ruhusa ya kutoka siku ya tahadhari. Ni jibu la upepo uliokukuta katikati ya ghuba.

Ndiyo maana imani kwamba tanga kubwa ndiyo mwendo ina ukweli nusu tu. Kwenye upepo mdogo ni kweli. Upepo ukikaza, chombo cha mita 4.5 kinachosukuma maji kwa kawaida hukaribia ukomo wake kwenye kilomita 9 hivi kwa saa, kwa sababu kimekaa kwenye bonde la wimbi kinalolitengeneza chenyewe. Tanga linalozidi hapo haliongezi mwendo bali linainamisha, na mashua iliyoinama inakwenda taratibu kuliko iliyosimama.

Magunia ya mchanga je? Hili ni wazo la kwanza la kila mtu aliyezoea farumi, na kwenye mashua ya wazi ni wazo baya. Mchanga hautulii: mashua ikiinama, gunia linateleza kwenda upande ulioinama, yaani pale usipolitaka. Maji yakijaa, mchanga unaivuta chini. Ukiwa peke yako na unahitaji uzito, jaza maji madumu mawili ya lita 20 uyafunge sakafuni pande zote mbili za kisanduku cha ubao wa kati. Kilo 40 za maji zinatuliza mashua ikiwa imesimama, lakini mashua ikijaa, maji ndani ya maji hayana uzito wa kuizamisha.

Tanga si mfuko

Watu wa bara huamini kwamba chombo cha tanga kinakwenda kule upepo unakokwenda, basi. Wavuvi wanajua sivyo, ila hata wao wakiulizwa kwa nini, jibu huwa "ndivyo linavyokwenda". Chukua kokwa la embe lililokwisha kufyonzwa, limelowa na kuteleza. Libane kati ya kidole gumba na cha shahada. Vidole vinasukuma kutoka pembeni, kokwa linachomoka mbele. Upepo unaopita kwenye tanga lililopinda ni kidole kimoja. Maji yanayoukataa ubao wa kati usiende ubavu ni kidole cha pili. Mashua ndiyo kokwa. Pandisha ubao na kidole kimoja kimeondoka: utasogea ubavu kama kapu.

Hata hivyo hakuna tanga linalokwenda kuutazama upepo moja kwa moja. Mashua ya aina hii hupanda upepo kwa pembe ya nyuzi 45 hadi 55, kisha hugeuza na kupanda upande mwingine, ndiko kubisha. Pembe ina thamani kubwa. Ukibisha kwa nyuzi 45, kilomita 1 ya kuutafuta upepo inakugharimu safari ya kilomita 1.4. Ukibisha kwa nyuzi 60, kwa sababu tanga limelegea au ubao ni mfupi, kilomita hiyohiyo inakuwa 2.

Basi kwa nini lisitumike tanga letu la pembe tatu lenye foromali ndefu, ule mti unaoning'iniza tanga? Si kwa sababu ni baya. Kwa upepo wa nyuma na wa ubavu ni tanga zuri sana, na foromali yake ndefu inaufikia upepo ulioko juu bila mlingoti mrefu. Kikwazo ni trela na idadi ya watu. Foromali hiyo mara nyingi ina urefu sawa na chombo au zaidi, hivyo barabarani inatokeza nje. Halafu, wakati wa kugeuza, foromali inatakiwa kuhamishwa upande wa pili wa mlingoti, kazi inayotaka mikono ambayo watu wawili kwenye mashua nyepesi hawana.

Kwa hiyo mafundi wa nyumbani huchagua tanga la pembe nne linaloning'inia kwenye foromali fupi, sehemu yake ndogo ikitangulia mbele ya mlingoti, na chini lina mti mwingine wa kulinyoosha. Wakati wa kugeuza haliondolewi upande wake: upepo ukija mkono mmoja linabanwa kidogo na mlingoti, ukija mkono wa pili liko huru, na tofauti ni ndogo. Kwa mashua ya mita 4.5, vipimo vinavyofanya kazi ni hivi: chini mita 2.6, mbele 2.1, nyuma 4.1, na upande wa foromali 3.3. Hizo ni mita za mraba 8. Mti mrefu kuliko yote ni mlingoti wa mita 4.5, na wote unaingia ndani ya mashua.

Sasa kitambaa. Turubai la plastiki linafaa kujifunzia, nalo ni bora kuliko watu wanavyolisema, mradi ujue linavyokufa. Likivutwa kimshazari linanyumbulika, umbo linapotea, na jua la Mtwara linaligeuza unga ndani ya muda mfupi. Marikani, kitambaa cha pamba, inapendeza kuitazama, lakini inanyonya maji, inakuwa nzito na kuota ukungu ikikunjwa mbichi. Kitambaa cha dakroni cha gramu 170 kwa mita ya mraba ndicho cha kudumu kwa ukubwa huu. Chochote utakachochagua, shona kwa uzi wa poliesta, mshono wa zigizaga, mistari miwili. Uzi wa pamba utaoza kabla ya kitambaa.

Tanga lililokatwa bapa halipandi upepo. Linatakiwa kuwa na tumbo, ila la kipimo: kina cha sehemu moja kwa kumi ya upana, yaani sentimita 26 kwa upana wa mita 2.6, na kina kikubwa kiwe karibu na mbele kuliko nyuma. Unalipataje kutoka kwenye kitambaa bapa? Kama fundi cherehani anavyopata kifua cha gauni. Upande wa foromali usikatwe kwa mstari ulionyooka. Ukate kwa upinde unaozidi mstari kwa sentimita 4 hadi 5 katikati. Ukilifunga kwenye foromali iliyonyooka, kile kilichozidi kinasukumwa ndani na kuwa tumbo. Foromali ikiwa nyembamba na kupinda, inakula upinde huo, na tanga linarudi kuwa bapa. Mwanzi mwembamba una tatizo hilo.

Pembe zote nne zitie viraka vya sentimita 30, tabaka tatu au nne, kabla ya kutoboa na kutia pete za shaba. Tanga huchanikia pembeni, si katikati.

Kuna kosa moja linaloonekana kwenye karibu kila tanga jipya la aina hii: kunyanzi ndefu ya mshazari kutoka pembe ya juu ya mbele mpaka pembe ya chini ya nyuma. Mwenye mashua humlaumu mshonaji. Mara nyingi mshonaji hana kosa. Kamba ya joshi, inayovuta tanga chini upande wa mbele, imelegea, na ncha ya nyuma ya foromali imeinama. Pandisha tanga mpaka mwisho, kisha kaza joshi kwa nguvu, hata kwa kuizungusha kamba mara mbili ili iwe kama kapi. Itatokea kunyanzi nyingine nyepesi, kutoka ncha ya juu ya nyuma kushuka mpaka joshi. Hiyo iache, inapotea upepo ukijaa.

Mistari ya kupunguza tanga iwe miwili: wa kwanza sentimita 70 kutoka chini, wa pili sentimita 75 juu yake. Wa kwanza unakuacha na mita za mraba 6 na kitu, wa pili na 4 na kitu. Utaratibu wake una mpangilio usiobadilika. Legeza demani, ile kamba inayovuta pembe ya nyuma ya tanga, teremsha foromali kiasi, funga kwanza pembe mpya ya mbele, kisha pembe mpya ya nyuma kwa kuivuta sana, halafu zile kamba ndogo za katikati mwisho kabisa, na zilegee. Kazi yake ni kubana kitambaa kilichokunjwa kisipepee. Zikikazwa zikabeba upepo, tanga linachanika kwenye matundu yake, moja baada ya jingine kama kifungo cha shati. Fanya zoezi hili ufukweni mpaka uweze bila kutazama.

Kushona mashua

"Plaiwudi haifai baharini." Kauli hii ni kweli kwa plaiwudi ya dari na makabati, ambayo gundi yake ikiona maji inaachia. Plaiwudi ya vyombo vya majini huwa na alama ya BS 1088. Ukikosa yenye alama, usimwamini muuzaji, amini sufuria. Kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe saa 1, kikaushe juani, rudia mara tatu. Tabaka zikifunguka, rudisha dukani. Kata pia kingo uangalie kama kuna mapengo kati ya tabaka. Pengo ni mfereji wa maji.

Mashua ya mita 4.5 inakula shuka 6 za unene wa milimita 6, zile za mita 2.44 kwa 1.22. Kwa kuwa shuka ni fupi kuliko mashua, mbili huungwa kwa mlazo: kila ncha inapigwa randa kimshazari kwa urefu wa mara nane ya unene, milimita 48, kisha zinabandikwa zikilaliana.

Hatua inayofuata itamkumbusha mtu wa pwani hii mtepe, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba za kumbi bila msumari. Mbao za plaiwudi nazo zinashonwa, kwa waya laini wa shaba. Toboa matundu kila sentimita 15, sentimita 1 kutoka ukingoni, pitisha waya, zungusha na koleo, na mbao bapa zinajikunja zenyewe zikawa mashua. Njia hii ilienea ulimwenguni kupitia mashua ndogo ya Uingereza iitwayo Mirror, iliyobuniwa na Jack Holt na Barry Bucknell mwaka 1962. Ilikuwa na urefu wa mita 3.3 na ilikusudiwa kujengwa nyumbani na mtu asiye fundi wa vyombo. Tofauti na mtepe, waya ni wa muda tu. Unajaza pembe za ndani kwa epoksi, gundi inayochanganywa na kigumuishi, iliyokolezwa na unga wa mbao, uzito wa siagi ya karanga, unafuta kwa kitu cha mviringo ili ibaki mkunjo laini, unabandika juu yake utepe wa nyuzi za kioo wa upana wa milimita 75, na ikikauka unavuta waya. Kinachoshika mashua ni huo mkunjo na utepe.

Epoksi na joto la Lindi havipatani. Ukichanganya nusu lita kwenye kopo, kwa joto la nyuzi 30, itachemka na kutoa moshi kabla hujamaliza kupaka. Changanya gramu 100 hadi 150 kwa mara moja na uimwage kwenye sinia pana. Uwiano ni ule wa kwenye kopo. Kuongeza kigumuishi ili ikauke haraka kunaiacha laini milele. Ikikauka siku ya unyevunyevu inaota utando kama nta. Osha kwa maji na kusugua kabla ya kupaka tena au kupiga msasa, la sivyo rangi itabanduka kama ngozi ya kitunguu. Na ile resini ya bei nafuu ya kuzibia bodi za magari si mbadala wake: haishiki mbao vizuri, nayo itaachia kwa vipande.

Ukingo wa kila plaiwudi, na kila tundu la skrubu, unywe epoksi mpaka ushibe. Maji hayaingii kwenye uso wa ubao, yanaingia kwenye kingo. Sehemu inayovuja kuliko zote ni chini ya kisanduku cha ubao wa kati, mahali ambapo fundi hufika amechoka. Ubao wenyewe uwe na upana wa sentimita 30, uzame sentimita 90, unene milimita 25, mbele mviringo na nyuma umechongwa kwisha. Ubao usiochongwa unanguruma na kutetemeka kwenye mwendo. Kwa mlingoti, mvinje ulionyooka unafaa, ingawa ni mzito: milimita 75 unapokaza kwenye kiti, 45 juu. Mikoko iache, ni misitu ya hifadhi na haikatwi bila kibali.

Kabla ya kupaka rangi, amua hewa itakaa wapi. Lita 1 ya hewa iliyofungwa inainua kilo 1 hivi. Madumu kumi matupu ya lita 20, yenye vifuniko vilivyokazwa, yanainua kilo 200: yatatosha kuiweka mashua iliyojaa maji juu, ukingo ukiwa juu ya mawimbi ili uweze kukomba maji. Gawa sawa kulia na kushoto, yafunge kwa mikanda chini ya viti, maana dumu lililojaa hewa linaruka kwa nguvu mashua ikizama. Kufunga kwa uzi wa mfuko ni sawa na kutofunga.

Siku ya maji

Chagua majira ya tangambili, pepo za kusi na kaskazi zinapobadilishana, kwa safari za kwanza, upepo ukiwa mwepesi, na utoke maji yakianza kujaa. Kwenye bamvua, siku za maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani hii inapita mita 3. Mikindani ukichelewa unaikuta mashua juu ya tope na bahari iko kule. Ukitoka maji yakijaa na ukapanda mwamba, yanakuinua. Yakipwa, yanakuacha hapo mpaka yajae tena.

Kabla ya kusafiri, pindua. Ndiyo, kwa makusudi, mchana, kwenye maji ya mita 2 yenye mchanga chini, watu wakiwa wamevaa jaketi okozi na wenzao wakisimama ufukweni. Legeza demani kabisa kwanza. Tanga lililokazwa linabeba maji. Mmoja anaogelea mpaka omo, yaani mbele ya mashua, na kuielekeza kwenye upepo. Mwingine anapanda juu ya ubao wa kati, karibu na tumbo la mashua na si nchani, anashika ukingo na kuegemea nyuma. Inainuka polepole, kisha ghafla. Fungia chupa mbili kubwa za plastiki zilizozibwa kwenye ncha ya juu ya foromali siku za mwanzo; zinazuia mlingoti usizame na mashua kugeuka miguu juu. Komba kwa ndoo ya lita 10 iliyofungwa kamba. Ndoo isiyofungwa huwa imeshakwenda zake.

Jaribio la pili ni la usukani. Ukiwa unabisha kwenye upepo wa wastani, achia kana, ule mkono wa kushikia usukani. Mashua nzuri inageuka taratibu kuutazama upepo, tanga linapepea, inasimama. Ikigeuka kuukimbia upepo ni hatari, maana siku utakayoteleza itakukimbia au kukupindua. Sogeza tanga nyuma kwa sentimita 10 kwa kubadili mahali foromali inapofungiwa, ujaribu tena. Ikiwa kinyume chake, inang'ang'ania upepo mpaka mkono unauma, lisogeze mbele. Watu hukata na kuongeza usukani kwa tatizo ambalo kamba ya senti ishirini ingelimaliza.

Makaratasi kwa ufupi: usalama na usajili wa vyombo vidogo uko chini ya TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ukitaka kuvulia kuna leseni ya chombo cha uvuvi, na trela nalo lina namba yake ya usajili.

Trela lenyewe

Mashua na zana zake ni kilo 150, trela jepesi kilo 100. Kwenye ndoano ya gari iangukie asilimia 7 hadi 10 ya jumla, yaani kilo 18 hadi 25. Mizani ya kuning'iniza ya kupimia korosho inatosha: inyanyue shingo ya trela nayo usome. Ikiwa pungufu ya hapo, trela litaanza kucheza mkia kwenye mteremko, na kukanyaga breki kwa nguvu kunaongeza. Sogeza mashua mbele, usiongeze mawe. Vibao vya kuikalisha viwe chini ya mataruma, yaani mbavu za mashua, kwa sababu plaiwudi ya milimita 6 ikikalia kona ya chuma kwa kilomita mia inatoboka. Mkanda mmoja uvute omo mbele na chini, mwingine upite juu ya tezi, yaani nyuma ya mashua, na chini ya mikanda weka zulia kuukuu.

Ukifika, usirudishe trela majini moja kwa moja. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, iliyotoka kukimbia ina moto. Ikizamishwa kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji ya chumvi kupitia sili. Subiri nusu saa, muda unaotosha kusimika mlingoti na kufunga kamba. Bora zaidi, teremsha mashua mchangani kwa mikono na uache trela lisilowe kabisa. Jioni lioshe kwa maji baridi ya bomba, na kila baada ya safari chache fungua kifuniko cha habu utazame girisi. Ikiwa ya rangi ya maziwa, maji yameshaingia: toa beringi, safisha kwa mafuta ya taa, kausha, tia girisi mpya na sili mpya kabla ya safari nyingine.